UZI MREFU: Nilikwenda Leeds kusomea usafiri, nikapata mchumba wa Bogotá. Mkataba unamtaka kila mtu kwao

mpanga_barabara:

Wadau, wekeni chai jikoni, huu ni mrefu. Mwishoni nina swali ambalo wazee wa humu ndio watanisaidia.

Nafanya kazi ya kupanga usafiri hapa Nairobi. Haina fahari yoyote. Ni kuhesabu magari kwenye makutano tangu alfajiri, kuwahoji makanga wasiotaka kuhojiwa, na kuandika ripoti zinazolala kabatini. Nilipotimiza miaka miwili kazini, ambayo Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, huitaka kabla hujaomba, nikajaza fomu, nikachagua kozi tatu kama inavyotakiwa, nikaitwa kwenye usaili, nikapita. Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Karo, nauli na posho juu ya serikali yao. Sharti zito ni moja: ukimaliza unarudi kwenu na unakaa angalau miaka miwili. Wengine hulisoma sharti hilo kama adhabu. Mimi lilinituliza, maana sikuwa na haja ya kubaki, na mamangu alipolisikia akapata usingizi. Alikuwa ameshajiandaa kunipoteza.

Kusomea usafiri Leeds ni kichekesho ambacho hata walimu wanakitania. Mji ulifunga tramu zake mwaka 1959, mradi wa kuzirudisha ukafutwa 2005, na mpaka leo ni mji mkubwa usio na reli yake ya ndani. Unakwama kwenye basi ukienda darasani kufundishwa namna ya kutokwama. Na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Unatoka maktaba saa kumi na moja unadhani umefungiwa ndani usiku.

Muhula wa kwanza tuliambiwa kila mtu alete ramani ya usafiri wa mji wa kwao. Nikaleta ile ramani ya matatu ya 2014, iliyochorwa na watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, yenye mistari ya rangi mithili ya reli za London. Nikajigamba kidogo. Nikaeleza kwamba njia hizi serikali haikuzichora, zilizaliwa na wenye magari na abiria, na kwamba vijana walipanda matatu na simu mkononi, njia kwa njia, mpaka ramani ikatoka.

Nyuma mtu akanyoosha mkono. "Dereva akiona foleni mbele, anafanya nini?"

Nikasema anakata kona, anapitia mtaani, anatokea mbele.

"Basi hiyo si ramani," akasema. "Ni uvumi uliochorwa vizuri."

Darasa likacheka. Mimi nikaandika jina lake pembeni mwa daftari, na nia yangu haikuwa nzuri.

Zamu yake ikafika. Mkolombia, kijana wa Bogotá, naye yuko pale kwa ufadhili huo huo. Akaleta TransMilenio: mabasi marefu yenye njia zao wenyewe katikati ya barabara, yaliyoanza Desemba 2000. Picha safi, michoro safi. Nikanyoosha mkono. "Asubuhi watu wakienda kazini, mlango unafungika?" Akatabasamu, akanyamaza. Aliyewahi kuona kituo cha TransMilenio saa za kazi anajua kwa nini. Ni kituo chetu cha Kencom saa kumi na mbili jioni, kimewekewa paa.

Hapo ndipo tulipoanzia, na hayakuwa mapenzi. Ulikuwa ubishi. Yeye anasema Nairobi inahitaji njia maalumu za mabasi na mambo mengine yatafuata. Mimi nasema Bogotá yenyewe iliwaingiza wenye mabasi ya zamani ndani ya kampuni zilizoendesha mpya, ilhali sisi tunaizungumzia BRT (mabasi ya njia maalumu) ya Thika Road utadhani wenye matatu watayeyuka siku ya ufunguzi. Tulibishana darasani, tukabishana kwenye basi, tukahamia jikoni pale hosteli. Jikoni ndiko mambo yalikobadilika. Alipika ajiaco, supu ya kwao ya kuku, mahindi na viazi vya aina tatu, inayotiwa majani makavu yanayoitwa guascas ambayo mamake alimfungashia kwa pakiti. Mimi nikapika chapati. Mtu akikuona unasukuma chapati saa nne usiku ukiwa na tasnifu shingoni, hakuna uliloficha tena.

Sasa jambo lililonifanya niandike uzi huu. Watu wanadhani mapenzi ya masomoni nje ni upepo: upweke, baridi, mbali na macho ya shangazi, basi mmeshikana. Upweke ulikuwepo, sikatai. Lakini tarehe ya tiketi ya kurudi ilijulikana kabla hatujashikana mkono. Usiku mmoja nilimuuliza, "Mkataba wako unasemaje?" Akajibu, "Kama wako." Miaka miwili yeye Kolombia, miaka miwili mimi Kenya. Hapa Nairobi mnaweza kuchumbiana miaka minne, mkala nyama Kenyatta Market kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kuuliza tunaelekea wapi. Sisi tuliulizana kabla ya Pasaka, kwa sababu kalenda ilikuwa inauliza. Watoto? Dini? Nani atamfuata nani? Wazazi wakizeeka je? Niliogopa maswali hayo kuliko mtihani. Ila naamini ndiyo yaliyotufanya tufike tulipo, na nawaonea huruma wanaopendana bila tarehe.

Na wale wa "alifuata karatasi": karatasi zipi? Wote tulikuwa wageni. Hakuna aliyekuwa na uraia wa Uingereza wa kumgawia mwenzake. Hata ile viza ya wahitimu ya kubaki kutafuta kazi, ukiwa umesomeshwa na serikali unatakiwa uwe na ridhaa ya mfadhili, na mfadhili wetu ndiye anayesema rudini. Kama kuna wachumba wawili duniani ambao mapenzi yao hayakuwafaidi kitu mbele ya uhamiaji, ni sisi.

Tukarudi, kila mtu kwao. Nairobi imeitangulia Bogotá kwa saa nane. Saa tatu usiku kwangu ni saa saba mchana kwake, kwa hiyo tumekuwa tukila pamoja kwenye simu, mimi chajio, yeye chamcha. Jumapili Bogotá hufunga zaidi ya kilomita 100 za barabara kwa magari, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, watu wanaendesha baiskeli na kukimbia. Hunipigia akiwa amesimama katikati ya barabara kuu. Mimi huwa nimetoka kanisani, nimekwama Jogoo Road. Hayo ndiyo mapenzi yetu.

Mwaka huu amekuja. Hakuna ndege ya moja kwa moja, nauli imemla akiba. Kuingia Kenya si shida siku hizi: tangu Januari 2024 viza imeondolewa, unaomba idhini ya kielektroniki mtandaoni, dola 30. Ila asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kolombia iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo.

Nikampeleka Machakos. Babangu ni Mkamba wa maneno machache. Alimsalimu, akamwonyesha kiti, akaendelea kusikiliza redio. Mamangu alikuwa anapalilia bustani ya sukuma nyuma ya nyumba. Mgeni wangu akatoka kumsaidia. Baada ya muda nikasikia kelele: anamzuia mama asitupe magugu! Ameinama, ananusa, ana machozi ya kucheka. Lile gugu dogo lenye viua vyeupe na moyo wa njano, ambalo mama hulitukana kila msimu wa mvua, ndilo guascas. Ndilo lile la pakiti. Asili yake ni milima ya kwao, likasambaa duniani kote na kuingia mashambani mwetu, na sisi tunaling'oa na kulimwaga. Jioni alipika ajiaco kwa kuku wa kienyeji. Baba alikula sahani mbili, na redio ikazimwa.

Kisha akaniita pembeni. Hakuuliza dini wala rangi wala mshahara. Akasema: "Mbuzi wa ntheo wataletwa na nani? Mtu haji peke yake kuomba mke. Watu wake ni kina nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo, wadau. Bila ntheo, mbuzi wa ndoa ya kimila, wazee wa Ukambani hawahesabu kuwa mmeoana, hata mkiwa na cheti cha serikali. Wazazi wake wako Bogotá, nauli hawana, Kiingereza hawana. Nani anasimama upande wake?

Abiria Sugu:

Manze "uvumi uliochorwa vizuri" nimeiiba. Hiyo ndiyo Nairobi nzima.

Dada, kodi matatu, jaza wasee wa mtaani, wavae suti, waende Machakos kama ukoo wa Bogotá. Nauli ya kurudi juu yako.

nimeachwa_JKIA:

Hongera. Nasema hivyo kwa moyo safi, lakini niruhusu niseme na upande mwingine, kwa sababu nyuzi hizi huandikwa na walioondoka tu.

Mimi ndiye niliyebaki. Mchumba wangu alikwenda Ujerumani kwa uzamili. Nilimsindikiza mpaka mlango wa wasafiri, nimebeba koti lake. Tulishakuwa na mpango. Mwanzoni simu kila siku, halafu Jumapili, halafu ujumbe wa sauti unaojibiwa kesho yake. Hakunidanganya. Aliniambia mwenyewe, kwa video, kwamba kuna mtu. Alilia yeye, mimi sikulia. Ndugu zangu walimwita malaya, nikawakataza. Lakini nataka wasomaji wajue kwamba "nilipata mapenzi bila kutarajia" kule Leeds au Berlin, mara nyingine huku mtaani kwetu Umoja inatafsiriwa "niliachwa bila kutarajia". Mnaposimulia, mtutaje.

mpanga_barabara:

@nimeachwa_JKIA nimekusoma mara mbili. Mimi sikuwa nimeacha mtu, lakini darasani kwetu walikuwepo walioacha, na nilikuwa nikiwaona wanapokea simu wakitoka nje. Sina cha kukufariji. Alikuwa na heshima ya kukwambia mwenyewe, na wewe ya kuwanyamazisha ndugu. Wengi hawapati hata moja.

Mzee wa South B:

Nyinyi vijana mnadhani mmegundua jambo. Nchi hii imejengwa na watu waliokwenda kusoma wakapata wake huko.

Kenyatta alisoma chuo cha LSE, London, kwa profesa Malinowski, vita vikamkuta Uingereza, mwaka 1942 akamwoa Edna Clarke, Mwingereza. Mwaka 1946 akarudi, Edna na mtoto wakabaki. Na kabla ya yote hayo, huku nyumbani kulikuwa na Grace Wahu. Obama mkubwa aliondoka 1959 kwenda Hawaii akamwacha mkewe Kezia, akakutana na Ann Dunham kwenye darasa la Kirusi, wakaoana 1961, na mtoto wao mnamjua. Kisha akenda Harvard, ndoa ikafa, akarudi Nairobi, Mmarekani mwingine akamfuata, wakaoana hapa. Hawa ni watu wenye akili kuliko sisi sote, na njia yao imejaa wanawake walioachwa kila upande wa bahari.

Halafu yupo Nyerere. Aliondoka 1949 kwenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada yake, Maria alikuwa anamngoja, wakaoana 1953. Basi kijana wa JKIA asione kuwa kungoja ni ujinga. Wapo waliongojwa wakarudi.

Abiria Sugu:

Mzee umetaja wanaume watupu. Wanawake hawakusoma?

mpanga_barabara:

Walisoma. Wangari Maathai alikwenda Marekani 1960 katika wimbi lile la wanafunzi waliosafirishwa na kina Tom Mboya, akachukua shahada Kansas na uzamili Pittsburgh. Mume alimpata aliporudi Nairobi 1966, Mkenya mwenzake, na mnajua ndoa ile iliishia mahakamani. Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima, umbali si ndio muuaji. Kezia na Edna hawakuachwa na bahari. Waliachwa na mtu ambaye hakuwaambia ukweli wa safari yake mapema.

Mzee wa South B:

Hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu.

Mama wa Watatu:

Mimi nina binti yuko China mwaka wa pili wa uzamili. Nikimuuliza habari za mvulana anasema "mum, mtandao unakatika". Mtandao haukatiki tukizungumzia pesa.

Swali langu ni la wajukuu. Akizaa huko na mgeni, mtoto ni wa nani kisheria? Zamani niliambiwa mwanamke hana uraia wa kumpa mtoto.

Wakili wa Mtaa:

@Mama wa Watatu uliambiwa sawa, na ilikuwa aibu ya nchi. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kwa baba Mkenya. Mama Mkenya hakuhesabiwa. Katiba ya 2010 iliondoa hilo: kifungu cha 14 kinasema mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni Mkenya, azaliwe Pumwani au Beijing. Kifungu cha 16 kinamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kupoteza wetu. Mwenzi wa kigeni naye, kifungu cha 15, anaweza kuomba uraia baada ya ndoa kudumu miaka saba. Kwa hiyo anayeoa Mkenya kwa ajili ya pasipoti awe na subira ya fisi.

@mpanga_barabara sasa yako. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ya kimila hufungwa kwa mila za mmoja wa wahusika au za wote wawili. Maana yake Mkolombia hahitaji kuwa Mkamba. Mila yako inatosha. Mkimaliza taratibu zote mna miezi mitatu ya kumjulisha msajili. Mkiamua ya kiserikali badala yake, ni notisi ya siku 21, na yeye aje na hati ya kwao inayoonyesha hana ndoa nyingine. Iko kwa Kihispania, kwa hiyo itafsiriwe mapema na mtafsiri anayekubalika. Watu huja Sheria House, kwa msajili wa ndoa, na hati nzuri isiyosomeka, wakarudishwa na keki imeshaagizwa.

Lakini jibu la babako haliko kwenye sheria. Anataka watu.

Mama wa Watatu:

Wakili amesema. Baba hataki pesa, anataka kujua siku ukilia atampigia nani simu. Mimi ningetaka hivyo hivyo.

Wazazi wa mchumba wako wawekwe kwenye video siku hiyo, hata kama hawaelewi neno. Waone uso wa babako. Ila video haifungui mdomo mbele ya wazee, lazima awepo mtu mzima chumbani.

nimeachwa_JKIA:

Kuna swali hamjamuuliza. Miaka miwili ikiisha mnaishi wapi? Wazee wakila mbuzi halafu ukahamia Bogotá, mamako aliyepata usingizi atalala?

mpanga_barabara:

Umegusa penyewe. Tumekubaliana Nairobi kwanza. Si kwa sababu ni kwetu: yeye anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza hapa, mimi Kihispania changu bado ni cha kuagiza chakula. Tukishakuwa na mtoto wa kwenda shule tutakaa chini upya. Mama anajua yote hayo. Nilimwambia bustanini, akiwa na lile gugu mkononi. Akasema Bogotá ni mbali, lakini Leeds pia ilikuwa mbali na nilirudi. Baba sijamwambia sehemu ya pili. Nitamwambia kabla ya mbuzi, si baada.

Wakili wa Mtaa:

Kabla ya mbuzi. Nimesimamia kesi za waliosema baada.

Mzee wa South B:

Binti, nimesoma mpaka hapa na mke wangu ameniuliza ninacheka nini. Mimi ni mzaliwa wa Mwala, huko huko Machakos, nimestaafu, suti ninayo. Kama huyo kijana hana mtu, nitakwenda nikasema kwa niaba yake, na nitamchukua jirani yangu Mluhya mwenye sauti nzito, mazungumzo yakikwama yeye atayakwamua. Lakini simsemei mtu nisiyemjua. Kabla hajaondoka aje kwangu Jumamosi tule muthokoi, nimtazame anavyokula na anavyomjibu mke wangu.

Na mbuzi asitumiwe mtu kumnunulia. Aende soko la mbuzi la Kiamaiko mwenyewe, asubuhi, na Kiswahili chake kibovu. Atapigwa bei vizuri sana. Babako akimuuliza walikuwa bei gani, ataje hiyo hiyo aliyopigwa, asipunguze.

mpanga_barabara:

Mzee, naangalia ujumbe wako wa faragha sasa hivi. Jumamosi tutakuwepo. Anauliza muthokoi ni nini, nimemwambia ataona.

Abiria Sugu:

Basi ile matatu ya suti nisikodi?